Viwanja vya Kigamboni, nyumba ya Mbagala, au mkopo wa benki? Jibu kwa muuguzi wa Mwanza

SWALI: "Habari mtaalamu. Mimi ni muuguzi, naishi Mwanza na familia yangu. Kwa akiba ya miaka mingi, pamoja na sehemu yangu ya mirathi ya baba, nina shilingi milioni 60. Dalali mmoja wa Dar ananiuzia viwanja viwili Kigamboni, mita 20 kwa 20, milioni 9 kila kimoja. Havijapimwa, ila anasema mwenyekiti wa mtaa atasaini na kugonga muhuri. Wauzaji ni watoto wa marehemu aliyekuwa na shamba hilo. Anataka laki tano ya kushikilia wiki hii kwa sababu kuna mteja mwingine. Kaka yangu anayeishi Mbagala ananishauri niachane na viwanja, ninunue nyumba ya vyumba sita ya kupangisha, milioni 58, ina leseni ya makazi. Yeye atakusanya kodi, na nyaraka ziandikwe kwa jina lake ili kazi iwe rahisi. Benki nayo iko tayari kunikopesha milioni 40 kwa dhamana ya mshahara. Kila mtu ananiambia ardhi haijawahi kushuka bei. Nichukue kipi? Mume wangu bado sijamshirikisha, nataka kwanza nijue ninachokifanya."

JIBU: Dada yangu, nashukuru umeuliza pesa ikiwa bado iko kwako. Nikisoma maneno yako naona swali la kiwanja au nyumba limebeba hofu nyingine kubwa zaidi: fedha hizi ni jasho la miaka na urithi wa mzazi, zikipotea hazirudi. Hofu hiyo ni ya haki, na nitaijibu kwa uzito wake.

Nianze na majibu yenyewe, kisha nieleze sababu, maana sababu ndizo zitakazokusaidia hata siku utakapoletewa kiwanja kingine ambacho mimi sitakisikia. Laki tano usiitoe. Mkopo usiuchukue kwa kazi hii. Viwanja vya Kigamboni, kwa jinsi ulivyovieleza, havijafikia hatua ya kununuliwa, kwa sababu hakuna aliyekuonyesha kwamba ana mamlaka ya kuviuza. Nyumba ya Mbagala inaweza kununulika, lakini si kwa milioni 58 na wala si kwa jina la kaka yako. Na ipo njia ya tatu ambayo hukuitaja, iliyo karibu na nyumbani kwako.

Tuanze na hiyo kauli kwamba ardhi haishuki bei. Ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana imewaumiza watu wengi. Dar es Salaam inapanuka, watu wanaongezeka, na shamba lililoonekana mbali miaka ishirini iliyopita leo lina daladala mlangoni. Lakini hebu jiulize hizo bei tunazozitaja tunazitoa wapi. Hakuna daftari la wazi ambalo wewe au mimi tungelifungua tukaona kiwanja fulani kiliuzwa lini na kwa kiasi gani. Tunachokisikia ni bei wanazotaja madalali na simulizi za waliouza vizuri. Mtu aliyetangaza kiwanja miaka mitatu bila kupata mteja hasimulii habari zake harusini.

Kuna bei kupanda, na kuna pesa kupatikana, na hayo hayaendi pamoja siku zote. Kiwanja chaweza kukubalika na kila mtu kwamba ni cha milioni 20, lakini siku mtoto anadaiwa ada ya chuo au mzazi yuko hospitali, mwenye fedha taslimu siku hiyo atakupa 11, na utazipokea. Wawekezaji wa ardhi ninaowaona wakipata hasara, wengi wao soko halikuanguka. Walilazimika kuuza kabla ya wakati, au walipotaka kuuza ndipo ikagundulika kwamba hawana kitu cha kumkabidhi mnunuzi.

Habari za maendeleo nazo zisikuharakishe. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya wa Kigamboni. Wapo walionunua kwa matumaini, lakini kilichofuata ni miaka ya wenyeji kutojua kama waendeleze maeneo yao au wasubiri fidia. Daraja likaja kufunguliwa mwaka 2016, na kufikia hapo wauzaji walikuwa wamekwisha kuliweka kwenye bei muda mrefu. Hata huko kwenu, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hutakosa mtu wa kukuuzia kiwanja cha upande wa Usagara kwa hoja ya daraja. Habari ambayo dalali anayo, mwenye shamba anayo pia. Unapolipa bei ya leo, umeshalipia sehemu kubwa ya matumaini ya kesho.

Sasa tuje kwenye milioni 9. Kwa nini kiwanja hicho ni rahisi kuliko kilichopimwa maeneo hayohayo? Wengi hudhani ni bahati, au muuzaji ana shida ya haraka. Mara nyingi sababu ni kwamba kuna kazi iliyopaswa kufanywa na muuzaji ambayo haikufanywa, na unaponunua unairithi wewe pamoja na hatari zake zote.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inakupa haki ya kuikalia na kuitumia kwa muda, iwe miaka 33, 66 au 99, na ushahidi wa haki hiyo ni hati. Kabla hati haijatoka lazima pawe na mchoro wa mipango miji unaosema eneo hili ni makazi, hili ni shule, hili ni barabara, hili ni eneo la wazi. Kisha mpima ardhi anapima, anaweka bikoni, yaani alama za mipaka, ramani inaidhinishwa, ndipo umilikishaji unafuata. Katika viwanja vyako hakuna hata moja lililofanyika. Aliyekata mita 20 kwa 20 amefanya hivyo kwa hatua za miguu na vijiti.

Siku upimaji au urasimishaji (yaani kupanga na kupima eneo lililokwisha kukaliwa bila mpango) utakapopita hapo, barabara za mtaa lazima zipatikane, na zitapatikana kutoka kwenye viwanja vya watu. Mita zako 20 zinaweza kubaki 15. Kiwanja kizima kinaweza kuangukia mahali ambapo mchoro umeandika shule. Au ikabainika kwamba eneo hilo lilishapimwa zamani kwa jina la mtu mwingine kabisa, ambaye ana hati yake kabatini na hajawahi kufika. Lolote kati ya hayo likitokea, muhuri wa mwenyekiti hautakurudishia kitu.

Kuhusu mwenyekiti nizungumze wazi, kwa sababu hapa ndipo watu waaminifu wanapoponzwa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shahidi mzuri. Anawajua wakazi, anajua nani alilima wapi na ugomvi gani uliwahi kutokea. Mtumie kwa hilo, mwulize maswali, kaa naye. Lakini hana mamlaka ya kugawa wala kuhamisha miliki ya ardhi, na saini yake haigeuzi mauzo batili kuwa halali. Asilimia anayodai kwa kusaini ni mazoea ya mitaani. Mkataba wa mauzo uandikwe na wakili, mwenyekiti na majirani wa pande zote nne wawe mashahidi.

Jambo linalonipa wasiwasi kuliko yote kwenye viwanja hivyo ni kwamba wauzaji ni watoto wa marehemu. Mtoto wa marehemu, kwa kuwa mtoto tu, hana uwezo wa kuuza mali ya mirathi, hata kama wako watano na wote wamesaini. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, uteuzi wake utauona kwenye Fomu Namba 4. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi; huo ndio waliokwenda nao mahakamani kuomba, na bado mahakama ilipaswa kusikiliza wenye pingamizi. Ukishaona fomu, nenda kwenye mahakama iliyoitoa, ukaombe kuliona jalada. Angalia kama shamba hilo limeorodheshwa kati ya mali za marehemu, na kama kuna mjane au mtoto wa nyumba nyingine ambaye hakushirikishwa. Huyo aliyeachwa nje ndiye atakayekuja na wakili baada ya wewe kumwaga msingi.

Kuna pia suala la kiwanja chenyewe kimekaa wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto, na Kigamboni ina fukwe na mikondo mingi ya maji. Barabara kuu nazo zina hifadhi, yaani ukanda wa pembeni usioruhusiwa kujengwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya mita 121.5 za hifadhi ya barabara. Wengi walikuwa wameishi pale miaka mingi, wamelea watoto pale. Kiwanja kinachoitwa "cha barabarani" kinahitaji kupimwa umbali wake kutoka katikati ya barabara kabla hujafurahia jina hilo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama viwanja visivyopimwa vinunuliwe au la, sitakudanganya kwamba havifai kabisa. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa kwa njia hiyo, na wapo waliofanikiwa. Waliofanikiwa wengi waliishi hapohapo, walijenga mapema, waliwafahamu majirani, wakashiriki urasimishaji ulipokuja na kuchangia gharama. Wewe uko Mwanza. Kiwanja kitupu ambacho mwenyewe hayupo kinaliwa pole pole: jirani anasogeza ukuta, mtu anapanda migomba, mwingine anauziwa upya na wale wale waliokuuzia. Sheria ya Ukomo wa Madai inakupa miaka 12 ya kudai ardhi yako kisheria, na muda huo unaanza kuhesabika hata kama hujui kwamba umevamiwa.

Tuhamie Mbagala. Hapa nitakaa zaidi kwenye hesabu, kwa sababu nyumba ya kupangisha ni biashara, na biashara hupimwa kwa kinachobaki mkononi.

Hukutaja kodi ya chumba. Tuseme ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Ukipata kiasi halisi kutoka kwa wapangaji wenyewe, badilisha tarakimu na urudie hesabu. Vyumba sita ni 360,000 kwa mwezi, yaani 4,320,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo kaka yako anaiona. Lakini vyumba havijai mwaka mzima. Mpangaji anahama, chumba kinakaa mwezi, mwingine anaondoka usiku akiwa anadaiwa. Toa sehemu moja ya kumi, zinabaki 3,888,000. Kodi ya zuio, yaani kodi ya Serikali inayokatwa kwenye pango, ni asilimia 10, toa karibu 389,000. Nyumba ya wapangaji wa vyumba ina choo kinachojaa, bati linalovuja, koki, umeme wa kugombaniwa, kuta zinazohitaji rangi. Kwa nyumba ya namna hiyo 600,000 kwa mwaka ni makadirio ya upole. Kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU, 1,500 kwa mwezi, ni 18,000. Unabaki na takribani 2,880,000. Ukizigawanya kwa milioni 58 unapata kama asilimia 5 kwa mwaka, na hapo kaka yako hajalipwa hata nauli kwa kazi ya kukusanya kodi.

Weka asilimia hiyo kando ya kitu unachoweza kukipata bila kugombana na mpangaji. Katika minada ya Benki Kuu ya miaka ya karibuni, hatifungani za Serikali (fedha unazoikopesha Serikali kwa riba) za miaka 20 na 25 zimekuwa na riba inayozidi asilimia 12 kwa mwaka, na kiwango cha chini cha kuanzia ni shilingi milioni moja. Milioni 25 kwa asilimia 12 zinakupa milioni 3 kwa mwaka, zaidi kidogo ya nyumba ya milioni 58. Nakuwekea hili ujue thamani ya subira unayoombwa. Hatifungani nazo zina upungufu wake: riba yake haiongezeki maisha yanapopanda, ilhali kodi ya chumba na thamani ya kiwanja kwa kawaida hupanda, na ukitaka kuiuza kabla ya muda wake sokoni, bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Ila hakuna atakayesogeza ukuta juu yake.

Kwa mtu anayetafuta mapato ya pango, nyumba ile ningeiona na maana ikikaribia milioni 40, ambapo kinachobaki kingefika asilimia 7 au zaidi kidogo. Mwenye nyumba anaweza kukataa, na ana haki, kwa kuwa yeye anauza pia kiwanja na matumaini yake. Basi mwache aendelee kutafuta mteja anayekubaliana naye.

Bado kuna leseni ya makazi. Hiyo ni kutambuliwa kwa muda mfupi katika eneo lisilopangwa. Inahuishwa, na haina nguvu ya hati. Uliza imeandikwa jina la nani, imeisha lini, na kama mtaa huo umeshaingia kwenye urasimishaji. Kama muuzaji ameoa au ameolewa na nyumba hiyo ni makazi ya familia, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iandikwe na isainiwe mbele ya wakili, na mke au mume huyo awepo mwenyewe, si kusemewa kwamba yuko safarini. Kisha nenda Mbagala msimu wa mvua, au waulize wapangaji maji hufika wapi masika. Wapangaji watakuambia ukweli ambao muuzaji hatausema.

Sasa jina la kaka yako. Najua unampenda na huenda ni mwaminifu kuliko mtu yeyote. Lakini nyaraka zikiwa kwa jina lake, mbele ya sheria nyumba ni yake. Akifariki, itaingia kwenye mirathi yake, na mjane na watoto wake watakuwa na kila sababu ya kuamini ni mali ya baba yao. Akidaiwa, mdai wake ataifuata nyumba. Akiachana na mkewe, itahesabiwa katika mgawanyo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji awe mtu mbaya. Kama unahitaji awe mikono yako Dar, mwandikie hati ya uwakilishi kupitia wakili, ikieleza kazi gani anaruhusiwa kufanya: kukusanya kodi, kusimamia ukarabati, kufuatilia nyaraka. Kuuza na kuweka rehani visiwemo. Na mlipe asilimia fulani ya kodi kila mwezi, kwa maandishi. Udugu hudumu vizuri pale kila mmoja anapojua stahili yake.

Mkopo nitausemea kwa ufupi kwa sababu hesabu inajieleza. Milioni 40, tuseme kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka saba, ni marejesho ya karibu 795,000 kila mwezi, na mwisho utakuwa umelipa kama milioni 66.7. Nyumba ile ya vyumba sita, ikiwa imejaa yote, inaleta 360,000. Pengo hilo lingetoka kwenye mshahara unaolisha watoto. Mkopo wa mshahara una maana ukiwa unamalizia nyumba utakayohamia na kuacha kulipa pango, au ukiwa na biashara inayoingiza zaidi ya rejesho. Kununua ardhi tupu kwa mkopo ni kulipa kila mwezi kwa ajili ya kitu kisicholeta chochote kwa miezi hiyo.

Kwa nini pia sipendi mpango wa kutumia 58 kati ya 60? Ununuzi una gharama ambazo madalali hawazitaji. Kuna ada ya wakili, upekuzi wa miliki kwa Msajili wa Hati, mthamini, ushuru wa stempu wa asilimia 1, na safari zako. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida yake, au asilimia 3 ya thamani kwa asiye na kumbukumbu za gharama zake. Muuzaji akikuambia "bei yangu ni ya mkononi, kodi utajua wewe", ameongeza bei bila kuitaja, na bila kibali cha TRA uhamisho wa miliki hautasajiliwa. Na wewe kuanzia leo tunza kila risiti ya ununuzi na ujenzi. Siku utakapouza, risiti hizo ndizo zitakazopunguza kodi yako.

Njia ya tatu ninayoiwazia ni hii. Tafuta kiwanja kimoja kilichopimwa, chenye hati au kilicho kwenye mradi wa upimaji uliokamilika, ndani ya mwendo wa bodaboda au daladala kutoka unapoishi: Buswelu, upande wa Nyamhongolo, au kwingine Ilemela na Nyamagana utakapoona panakufaa. Tenga hadi milioni 25 kwa kiwanja na gharama zake. Milioni 25 nyingine ziweke kwenye hatifungani, au kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS kama hutaki kufungwa miaka mingi. Milioni 10 zibaki karibu kwa dharura ya familia. Mapato ya hatifungani yanaweza kujenga pole pole, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bila mkopo. Utakachokikosa ni uwezekano kwamba Kigamboni itapanda kwa kasi kuliko Ilemela. Hilo linaweza kutokea kweli. Lakini kiwanja cha Buswelu utapita kukitazama ukitoka zamu, na mapato ya kupanda kwa bei yatakuwa yako bila ubishi.

Kiwanja chenye hati kina masharti yake pia. Hati za makazi kwa kawaida hudai uendeleze ndani ya miezi 36, na kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka. Wanaonunua na kusahau hulimbikiza madeni, na miliki inaweza kubatilishwa. Kabla ya kununua dai risiti za miaka iliyopita, maana deni la muuzaji litakufuata.

Na usiiamini hati kwa kuishika mkononi. Hati za kughushi zipo na zinapendeza kuliko za kweli. Unachokiamini ni daftari la Msajili wa Hati. Fanya upekuzi rasmi kwa namba ya hati. Majibu yatakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Fanya upekuzi siku chache kabla ya kulipa, hata kama ulishaufanya mwezi uliopita. Linganisha jina na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza, kisha waulize majirani kama huyo ndiye wanayemjua. Malipo yapite benki, kwa akaunti yenye jina la mmiliki, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka nyaraka za uhamisho zipokelewe.

Kuhusu mume wako, nakuelewa unapotaka kujua kwanza. Sasa umeshajua ya kutosha kuanza mazungumzo. Ukinunua kwa siri kisha kukatokea tatizo, utakuwa na magomvi mawili kwa wakati mmoja. Kama unataka sehemu ya mirathi ya baba itambulike kuwa yako binafsi, hilo linawezekana, lakini kwa kumbukumbu: tunza nakala ya mgawanyo wa mirathi na taarifa ya benki inayoonyesha fedha hizo zilivyoingia, na umweleze wakili kabla ya ununuzi ili aandike nyaraka ipasavyo. Baada ya miaka kumi ya kuchanganya fedha, kulithibitisha inakuwa kazi.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Usilipe ardhi yoyote bila wakili aliyezisoma nyaraka zote, na awe wakili wako, si yule aliyeletwa na dalali. Mpima ardhi aliyesajiliwa afike kiwanjani na kifaa chake, achukue vipimo vya pembe, avipeleke ofisi ya mipango miji ya manispaa kuona vimeangukia nini kwenye mchoro. Kwa nyumba, mthamini aliyesajiliwa akupe thamani kwa maandishi. Gharama za watu hawa watatu ukizijumlisha zitakuumiza kidogo, na utatamani kuziruka. Na ikiwa umeshatoa fedha yoyote kwa dalali kabla ya kunisoma, usiongeze. Mwone wakili mapema ukiwa na ujumbe wa simu na miamala yote, kwani mgogoro wa ardhi wenyewe huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui.

Dalali mwambie unataka nakala ya Fomu Namba 4 na ruhusa ya kumpeleka mpima ardhi kiwanjani. Akivileta, viwanja vitakuwa vimeanza kuwa na maana, na wakili wako atakuambia kama tuendelee kuvizungumza. Asipovileta, huyo mteja mwingine na alipe. Kwa upande wa Mwanza, anza na ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Ilemela, uliza viwanja vya halmashauri vilivyopimwa ambavyo bado havijachukuliwa na masharti ya kuvilipia. Nenda na mume wako.